Mafuta, Uji wa Choroko na Zebaki: Kabla Hujapanda Ndege Kwenda Kerala

Leo tunazungumza afya. Tunazungumza juu ya safari ambayo zamani ilikuwa ya wakubwa, lakini siku hizi mtu aliyepata mawe mazuri anaweza kuipanga na mwenzake palepale karashani, panaposagwa mawe ya dhahabu: kwenda India na kukaa wiki mbili, tatu, hata nne kwenye kituo cha tiba ya ayuveda na yoga.

Wengi wetu Afrika Mashariki tulilisikia jambo hili kupitia familia ya marehemu Raila Odinga wa Kenya. Mwaka 2017 binti yake, Rosemary, aliugua uvimbe kwenye ubongo, akafanyiwa upasuaji, na akapoteza uwezo wa kuona. Alihangaika na matibabu katika nchi mbalimbali. Mwaka 2019 akafika katika hospitali ya macho ya ayuveda iitwayo Sreedhareeyam, kwenye mji mdogo wa Koothattukulam, jimbo la Kerala, kusini mwa India. Familia ikaeleza kwamba baada ya matibabu ya hapo alianza kuona tena. Februari 2022 Waziri Mkuu wa India, Narendra Modi, aliisimulia habari hiyo katika kipindi chake cha redio, na tangu hapo jina la Kerala likawa mdomoni mwa watu. Raila mwenyewe alirudi Koothattukulam, na huko ndiko mauti yalikomkuta tarehe 15 Oktoba 2025. Alianguka akiwa kwenye matembezi ya asubuhi, akakimbizwa hospitali ya karibu, na moyo wake haukurudi.

Nimeitaja familia hiyo kwa heshima, na kwa sababu kisa chake kina mambo mawili ambayo watu huyaruka wanapokisimulia. La kwanza, uvimbe wa Rosemary uliondolewa na madaktari wa upasuaji kabla ya mafuta na mitishamba kuingia. Nafuu aliyoipata ni furaha ya kweli kwa wazazi na ndugu, lakini mtu mmoja kupona hakutuambii wangapi wengine waliopewa dawa ileile walipona au hawakupona. La pili, moyo wa Raila uliposimama, alipelekwa kwa madaktari wa dharura. Kwa hiyo anayechagua kituo, hasa mzee au mwenye presha, aulize: hospitali yenye chumba cha wagonjwa mahututi iko umbali gani kutoka hapa, na gari la wagonjwa lipo?

Sasa tuingie ndani ya kituo chenyewe, tuone kinachofanyika.

Ayuveda ni elimu ya tiba ya India ya zaidi ya miaka 2,000. Inafundisha kwamba mwili unaendeshwa na nguvu tatu, vata, pita na kafa, na kwamba ugonjwa huja nguvu hizo zikipoteza uwiano. Sayansi ya kisasa haijazipata nguvu hizo ndani ya mwili. Hata hivyo, huko India mganga wa ayuveda si mtu aliyeota ndoto akaamka na mkoba. Anasoma chuo kikuu miaka mitano na nusu, ukiwemo mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo, na anasajiliwa. Serikali ya India ina wizara kamili ya tiba hizi tangu 2014, na tangu Julai 2023 inatoa viza maalumu kwa wageni wanaokwenda kutibiwa kwa njia hizo. Kwa hiyo ukifika mahali wakashindwa kukuonyesha usajili wa daktari wao, usipoteze muda hapo.

Siku ya mgonjwa huanza kabla jua halijachomoza. Yoga kidogo, kisha chai ya mitishamba, kisha daktari anakushika mkono kusikiliza mapigo, anakutazama ulimi, anakuuliza umelalaje na choo kimekuwaje. Baadaye unalazwa juu ya kitanda kipana cha mbao na kusuguliwa mafuta ya uvuguvugu, mengi yakiwa na asili ya ufuta yaliyochemshwa pamoja na mizizi na majani. Kwa desturi ya Kerala, mwanamume huhudumiwa na mwanamume na mwanamke na mwanamke, jambo ambalo wengi wetu tutalifurahia. Kuna tiba ya kumiminiwa mafuta kwenye paji la uso kama uzi mwembamba, kwa nusu saa au zaidi. Pombe hakuna, sigara hakuna, na mara nyingi nyama hakuna.

Na chakula? Hapa mkulima wa Shinyanga asikilize vizuri. Chakula cha mgonjwa kinachojulikana sana Kerala ni uji wa mchele pamoja na choroko. Mchele na choroko! Mazao ambayo tunayalima sisi wenyewe, na choroko zetu nyingi zinasafirishwa kwenda hukohuko India. Mtu anaweza kuvuka bahari na akalishwa kilichotoka shambani kwa jirani yake.

Nasema hivi kwa sababu nina msimamo kuhusu jambo hili. Sehemu kubwa ya nafuu wanayorudi nayo watu kutoka vituoni inatokana na mambo yanayoeleweka: wamelala usiku mzima, wameacha pombe na sigara, wamekula nafaka, kunde na mboga kwa saa maalumu, wamenyoosha viungo kila siku, na simu za biashara zimekaa kimya. Mfanyabiashara ambaye kwa miaka mingi amekula usiku wa manane na kulala kwa muda wa saa nne tu, akipewa wiki tatu za utaratibu huo, presha yake ikishuka si muujiza. Hiyo ni tiba halali. Ila haihitaji pasipoti.

Yoga nayo isichukuliwe kuwa mchezo wa watu wa mjini. Mwaka 2017 chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani, American College of Physicians, kilitoa mwongozo kwamba mtu mwenye maumivu sugu ya kiuno aanze na tiba zisizo za vidonge, na yoga imo katika orodha hiyo. Nani ana kiuno kibovu kuliko dereva anayekaa kwenye usukani kutoka Dar es Salaam hadi Rusumo, au kijana anayebeba viroba vya mawe kutoka duarani? Ndugu dereva, ukisimama bandari kavu ya Isaka, tandika mkeka. Lala chali, vuta magoti yote mawili kifuani, vuta pumzi taratibu, kaa hapo kidogo. Kisha piga magoti na mikono chini, pandisha mgongo juu, ushushe, pandisha tena, bila kukurupuka. Fanya hivyo kila siku. Lakini kama miguu inakufa ganzi, au unashindwa kuzuia mkojo, au maumivu yalianza baada ya ajali, acha mazoezi nenda hospitali siku hiyohiyo.

Wapo wanaoniuliza kama yoga ni ibada. Asili yake imo ndani ya dini za India, na vituo vingine huimba nyimbo za sala asubuhi. Muislamu au Mkristo anayeona dhamiri yake haikubali aseme mapema kwamba anataka mazoezi na pumzi tu. Vituo vinavyopokea wageni vimezoea ombi hilo.

Kuna tiba moja inayosifiwa sana ambayo lazima tuitazame kwa makini. Inaitwa panchakarma, maana yake kusafisha mwili kwa njia tano: kutapishwa, kuharishwa, kuingiziwa dawa kwa njia ya haja kubwa, kutiwa dawa puani, na kutolewa damu. Si kila mgonjwa hupewa zote. Kwa mtu mwenye nguvu zake inaweza kupita salama chini ya daktari. Kwa mwenye kisukari anayetumia insulini, kufungishwa chakula na kuharishwa kunaweza kuishusha sukari hadi akazimia. Kwa mwenye figo au moyo mchovu, kupoteza maji na chumvi ni hatari ya maisha. Mjamzito asiguse kabisa.

Sasa tufike kwenye kiini cha kipindi hiki, na hapa nawaita hasa wachimbaji.

Katika ayuveda lipo tawi linaloitwa rasashastra, linalotengeneza dawa kwa kutumia madini: zebaki, risasi, arseniki, chuma, hata dhahabu. Madini huchomwa mara nyingi pamoja na salfa na mitishamba hadi yawe unga laini, na waganga wa tawi hilo husema kwamba uchomaji huo huondoa sumu. Watafiti walipopima walikuta mengine. Mwaka 2008 jarida la madaktari wa Marekani, JAMA, lilichapisha matokeo ya dawa 193 za ayuveda zilizonunuliwa kupitia intaneti, zilizotengenezwa India na Marekani. Takriban moja katika kila tano ilikuwa na risasi, zebaki au arseniki. Katika dawa za rasashastra, ilikuwa takriban mbili katika kila tano. Kati ya 2011 na 2012, idara ya afya ya jiji la New York ilikuta wajawazito 6 wenye sumu ya risasi mwilini, na chanzo kilikuwa vidonge vya ayuveda kutoka India.

Mchimbaji wa Geita, wewe zebaki unaijua. Unaimwaga kwenye beseni ikamate dhahabu, unaikamua kwenye kitambaa, halafu unaichoma na moshi wake unaingia kifuani mwako na kwa mama anayekaanga mihogo pembeni. Pale Rwamagasa, wilayani Geita, mradi wa Umoja wa Mataifa uliwapima wachimbaji na wanakijiji mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa sababu ya zebaki hiyohiyo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki mwaka 2020. Mikono kutetemeka, kusahausahau, ladha ya chuma mdomoni, figo kuharibika: hizo ndizo dalili tunazohubiri kila mwaka kwenye mialo ya kuchenjulia dhahabu. Inaniuma kufikiri kwamba mtu ambaye mwili wake umeshabeba zebaki ya miaka kumi ya kuchenjua auze dhahabu hiyo, alipe nauli, avuke bahari, kisha anunue zebaki nyingine ndani ya kichupa na kuimeza akidhani anajisafisha.

Tangu Januari 2006 serikali ya India inataka dawa za ayuveda za mitishamba mitupu zinazosafirishwa kuuzwa nje zipimwe madini hayo. Ni hatua nzuri. Lakini dawa unayokabidhiwa mkononi kituoni na kurudi nayo kwenye begi haipiti mlango huo. Kwa hiyo uliza kwa maneno haya: "Je, dawa hii ina basma au madini yoyote?" Basma ndilo jina la unga ule wa madini yaliyochomwa. Wakijibu ndiyo, ikatae. Mafuta ya kusugua, chakula na mazoezi utaendelea kuvipata bila hiyo.

Mtu atasema, mbona mnaisema India tu? Hapana, sisi wenyewe tuna kumbukumbu. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu kutoka kila kona ya nchi na nchi jirani walimiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa cha mchungaji Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Wagonjwa walitolewa wodini, na wengine walifia njiani na kwenye foleni. Wapo walioacha dawa za virusi vya ukimwi kwa imani kwamba wamepona. Kikombe kile kilikuwa cha bei ndogo, na kituo cha Kerala kinaweza kuwa na bwawa la kuogelea, lakini kosa linaloua ni lilelile: kuacha dawa ya hospitali.

Mwenye presha, kisukari, kifafa, pumu, virusi vya ukimwi au kifua kikuu asiache hata kidonge kimoja kwa amri ya mtu ambaye si daktari wake. Mchimbaji mwenye kikohozi kisichoisha asikimbilie ndege kwanza. Vumbi la mawe huharibu mapafu na hufungulia kifua kikuu mlango, na makohozi hupimwa bure katika vituo vya afya vya serikali hapahapa. Mafuta ya ufuta hayaondoi vumbi lililoganda ndani ya pafu.

Kwa aliyekwisha kuamua kwenda, beba nakala ya faili lako la hospitali na orodha ya dawa zako, pamoja na vipimo vya figo, ini na sukari vya karibuni. Mwambie daktari wako wa hapa kabla ya kuondoka, hata kama unaogopa atakukemea. Taka bei yote kwa maandishi, chakula na dawa vikiwemo, na ujue utarudishiwa nini ukikatisha matibabu. Ukirudi, pima tena vipimo vilevile ulivyopima kabla ya safari, ili ujue kilichobadilika badala ya kukisia.

Na wewe uliyebaki nyumbani, kama mzazi au ndugu yako amewahi kurudi na vichupa na vidonge kutoka huko, nakuomba leo hii uvitoe kabatini. Visivyo na lebo, na vile vyenye neno basma au rasa, viache kutumika kwanza, upeleke vyote kwa mfamasia au daktari wa hospitali ya wilaya. Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ina ofisi ya Kanda ya Ziwa jijini Mwanza, na kupima kilichomo ndani ya vitu kama hivyo ni kazi yake.