Dumu la Mafuta ya Buluu

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani katika mkutano wao wa mwaka, Mpendae, Unguja)



Katibu aliponitaka nizungumze, nadhani alitaraji nitaeleza kazi za Serikali. Hayo mnayasikia kila siku. Mimi leo nataka kuzungumza juu ya petroli, na nitaanza kwa kukiri kosa langu mwenyewe, kwa sababu wengi wenu mmekuja hapa kwa magari, na wachache, nawajua, mmeshafanya kama nilivyofanya mimi.

Tuliokuwa pamoja hapa mwaka 1996 tutaikumbuka ile vespa ya mjomba wangu. Mafuta yakiisha tukitafuta mpira, tukiutia ndani ya tangi la gari la jirani na kuvuta kwa mdomo. Aliyemeza funda alichekwa wiki nzima. Grisi ya mikononi tukiitoa kwa petroli hiyo hiyo, kisha tunakwenda kula. Petroli ya siku zile ilitiwa risasi, madini yale yale ya kuundia chembe za bunduki, na hapana aliyetwambia.

Risasi hiyo ilitiwa kwa makusudi. Mwaka 1921 huko Marekani, Thomas Midgley wa kampuni ya General Motors aligundua kwamba petroli ikichanganywa na dawa yenye risasi haiwaki ovyo kabla ya wakati wake, na injini haigongi. Mwaka 1924 wafanyakazi watano wa kiwanda kimoja cha New Jersey walikufa kwa sumu ya dawa hiyo, baada ya kurukwa na akili. Hata hivyo iliendelea kuuzwa, ikaenea dunia nzima.

Kilichoanza kuitoa barabarani, msishangae, hakikuwa huruma. Ni kile chombo ambacho mafundi wetu wanakiita masega. Kinakaa kwenye bomba la moshi, kina vitundu vingi kama masega ya nyuki, na kuta za vitundu hivyo zimepakwa madini ya thamani, platini, paladi na rodi. Moshi wenye sumu ukipita humo hugeuzwa kuwa hewa isiyo na madhara makubwa. Marekani ilianza kuyatia masega katika magari mengi ya mwaka 1975. Lakini risasi ikipita humo huyafunika yale madini ya thamani, na masega yanakufa. Kwa hiyo ilibidi pawepo petroli isiyo na risasi.

Kwetu Afrika ilichukua muda. Nchi zilizo kusini ya Sahara zilikutana Dakar mwezi wa Juni 2001 zikakubaliana kuiacha, na ilipoingia Januari 2006 zilikuwa zimeshaacha. Ya mwisho duniani ilikuwa Algeria, Julai 2021.

Basi mtu atasema, jambo limekwisha, huyu bwana anatupotezea chai. Halikwisha. Petroli ya risasi bado ipo, nayo ni ile ya ndege ndogo zenye injini za pistoni. Watu wakisema "mafuta ya ndege" huchanganya mambo mawili. Ndege kubwa zinatumia mafuta ya jamii ya taa, hayana risasi. Hii nyengine ni petroli, rangi yake buluu, na lita moja yaweza kuwa na risasi hadi gramu 0.56. Ulaya petroli ya gari hairuhusiwi kuzidi gramu 0.005. Hesabuni wenyewe, ni zaidi ya mara mia.

Mwaka 2014 nilinunua Toyota iliyokwisha tumika Japani. Jamaa mmoja, jina lake simtaji, akaniletea dumu la lita 20 la mafuta ya buluu. Akaniambia ndiyo wanayotumia wenye magari ya mashindano, gari litaruka. Mimi nimesoma hadi Chuo Kikuu, nikaamini. Nilichanganya nusu kwa nusu, nikamaliza madumu manne. Na wallahi nilihisi gari linavuta zaidi! Kumbe ni moyo tu. Injini iliyoundwa kwa petroli ya kawaida haipati nguvu kwa kupewa mafuta ya injini ya ndege. Hata hao wa mashindano wameshaondoka huko: mbio za NASCAR za Marekani ilipofika 2008 zilikuwa zimeshaacha risasi.

Baada ya miezi kadhaa taa ya injini ikawaka na moshi ukawa na harufu kali. Fundi akatazama mdomo wa bomba, akakuta unga wa kijivu.

"Bwana wee, masega yamekufa. Tuyatoe, tuunganishe bomba, na hayo utayauza kwa wanunuzi wa vyuma."

"Na moshi je?"

"Moshi unapita nyuma. Wewe si unakaa mbele?"

Nilikuwa karibu kukubali, maana masega mengine yalitaka zaidi ya mshahara wangu wa miezi miwili. Nikarudi nyumbani kufikiri. Uani nikamkuta mwanangu, wakati ule ana miaka minane, amechuchumaa na dumu la tano nililokuwa sijalifungua. Kalifungua yeye. Amemimina kwenye kopo, anaosha mnyororo wa baskeli kwa vidole, na mikono yake yote inang'aa. Risasi ya namna hii hupita kwenye ngozi. Na risasi kwa mtoto huharibu ubongo, na Shirika la Afya Duniani linasema hapana kiwango chake kilicho salama. Nilimwosha kwa sabuni mara tatu, hali mikono inanitetemeka mimi. Naye akaniuliza kosa lake nini, kwani si mimi niliyemfundisha?

Masega mapya nilinunua kwa mkopo wa miezi kumi. Mke wangu hadi leo hunikumbusha.

Yale ya zamani sikuyauza. Nimekuja nayo, yamo katika mfuko pale chini ya meza ya Katibu. Baada ya chai atakaye aje ayatazame. Mtaona vitundu vyote viko wazi, huwezi kujua kwa macho kwamba yamekufa. Ila tafadhali msiufungue mfuko, na vumbi lililo ndani lisiguswe.