Taka za Dandora, Samaki wa Sabaki

Hotuba ya afisa wa habari wa kaunti kwa wakazi wa Dandora na Korogocho



Mto Nairobi unaopita kando ya jaa letu hauishii hapa. Unaungana na Mto Athi, ambao huko mbele huitwa Galana, kisha Sabaki, na kuingia Bahari Hindi karibu na Malindi. Tunachokitupa hapa, mwenzetu hukitegea nyavu kule.

Nazungumzia hasa madini mazito: risasi ya betri za gari, zebaki na kadimiamu. Mengine hutoka kwenye simu mbovu na nyaya zinazochomwa ili kupata shaba. Maganda ya ndizi huoza yakaisha; risasi haiozi. Hutuama kwenye matope, na mvua kubwa huyasomba. Minyoo hula matope hayo, samaki hula minyoo. Sumu hurundikana katika matamvua, ini na figo za samaki. Hupumua kwa shida, hudumaa, na uzazi wake hupungua. Hata hivyo, ukimtazama waweza kumwona mzima. Na kumkaanga hakuondoi risasi.

Sumu hiyo huwafikia watoto wetu kwanza. Mwaka 2007, Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lilitoa ripoti kuhusu watoto 328 waliopimwa karibu na jaa hili. Nusu ya waliopimwa damu walikuwa na mikrogramu 10 au zaidi za risasi katika kila desilita ya damu. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto anayekua.

Simwambii mtu aache riziki yake. Naomba mambo matatu. Kwanza, betri isipasuliwe nyumbani wala asidi yake isimwagwe mtaroni. Iuzwe ikiwa nzima kwa mnunuzi mwenye leseni ya NEMA. Pili, nyaya zichunwe kwa kisu, zisichomwe. Tatu, tusile kambare wa mto huu. Samaki wa Ziwa Victoria wanaouzwa Gikomba hawakuvuliwa humu. Tusiwaharibie mama zetu biashara kwa uvumi.

Nasi wa kaunti tuna wajibu wetu, na mna haki ya kutudai. Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya: mtoto wa Korogocho na mvuvi wa Sabaki.

Sasa karibuni maswali.