UZI: Ni nini kitamfanya mtu wa Awendo aache gari lake?

Haya ni maneno niliyosema Awendo kwenye kikao cha wapiga kura. Nimeyakata vipande yasomeke kwenye simu. Sitaji mwanasiasa wala chama. Ukitaka kumtetea mtu wako, fungua uzi wako.

1/ Kuna hoja inarudi kila mdahalo. Mmoja anasema magari yamezidi, watu watozwe kodi ndio wayaache. Mwingine anaruka: huko ni kumwonea mwananchi anayejikakamua! Ukumbi unapiga makofi, tunaenda nyumbani. Hakuna aliyeuliza huyo mwananchi alinunua gari kwa nini.

2/ Tuanze na hapa kwetu. Simama Sare, kando ya barabara ya A1, hii inayotoka Isebania ikapitia Migori, Awendo na Rongo kwenda Kisii. Utaona trela za miwa, matatu, Probox ya watu watano imebeba kumi, boda wasiohesabika, na watu wa miguu wakijibana ukingoni. Gari lenye mtu mmoja ndani lipo, lakini si hilo linalobeba Awendo. Wengi wetu hatuna gari la kuacha. Tuna gari la kutamani.

3/ Na tamaa hiyo si ujinga. Chukua mwalimu anayeishi Ranen. Anakopa Sacco, ananunua gari lililotumika, na karo ya mtoto inaanza kuyumba. Ukimwuliza sababu, atakutajia vitu vinne: saa, usiku, mzigo na heshima. Hivyo ndivyo alivyonunua. Yale magurudumu manne ni chombo tu cha kuvipata.

4/ Saa. Matatu yetu haiondoki saa kumi na mbili asubuhi. Inaondoka ikijaa. Dereva si mkorofi, jamani. Jioni lazima apeleke pesa ya mwenye gari, na mafuta ni juu yake. Kila kiti kitupu kinatoka mfukoni mwake. Kwa hivyo anangoja, na anayepoteza saa ni wewe. Mpaka mtu mwingine alipie kile kiti kitupu, ratiba itabaki hadithi ya jukwaani.

5/ Usiku. Mama akishikwa na uchungu saa nane za usiku huko Dede, mvua inanyesha, nani anampeleka hospitali? Ni boda, au ni jirani mwenye gari. Kwa hivyo gari moja kijijini ni ambulensi ya watu wote. Ukimwambia huyo jirani aache gari, hujazungumza na yeye pekee. Umezungumza na boma zima.

6/ Mzigo na heshima. Gunia la mahindi halikai vizuri kwenye mapaja ya abiria mwenzako. Na kuna siku za matanga, siku za kwenda kwa wakwe. Mtu mzima hataki kufika huko amekunjwa wanne kwenye kiti cha wawili, suti ikinuka samaki wa mwenyewe. Tunacheka, lakini ni kweli. Usafiri unaomdhalilisha mtu atautoroka siku atakapopata pesa.

7/ Sasa tuje kwenye kodi. Mswada wa Fedha wa 2024 ulileta kodi ya magari ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari, ilipwe unapokata bima. Isipungue shilingi 5,000, isizidi 100,000. Tupige hesabu. Gari la shilingi 100,000 lingelipa 5,000, yaani asilimia 5. Gari la milioni 20 lingelipa 100,000, yaani nusu ya asilimia moja. Mwenye kigari cha kubebea mboga angekamuliwa mara kumi zaidi kwa kila shilingi ya gari lake.

8/ Pendekezo hilo liliondolewa Juni 2024, hata kabla mswada wote haujatupwa. Lakini somo libaki. Ile ilikuwa kodi ya kutafuta mapato. Haikuja na basi, haikuja na steji. Ukimtoza mtu gari bila kumpa njia nyingine, hajaacha gari. Amelipa tu, na amekasirika.

9/ Wengine husema, basi tupandishe mafuta. Julai 2024 ushuru wa kutunza barabara ulipanda kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa kila lita. Mwenye gari kubwa alinung'unika akaendelea. Lakini boda hununua petroli hiyo hiyo, na matatu hununua dizeli yenye ushuru huo huo. Kwa hivyo yule asiye na gari naye analipia, ndani ya nauli. Silaha ililengwa kwa mwenye gari, ikampata pia mama anayeenda sokoni.

10/ Kuna la Nairobi. Tarehe 3 Desemba 2018 matatu zilipigwa marufuku kuingia katikati ya jiji, ati kupunguza msongamano. Watu walitembea: wazee, wagonjwa, akina mama na watoto mgongoni. Magari ya watu binafsi yaliendelea kuingia. Kesho yake marufuku ikasimamishwa. Yaani gari lililobeba watu kumi na wanne lilifukuzwa, lililobeba mmoja likaachiwa barabara. Mambo yalianzwa kinyume.

11/ Kwingineko walianza vipi? London ilipoanza kutoza magari yanayoingia katikati ya jiji, Februari 2003, pauni 5 kwa siku, siku hiyo hiyo waliongeza mabasi yapatayo 300. Sisemi Awendo ni London. Nasema mpangilio: kwanza kiti cha basi, ndipo mkono mfukoni. Walivifanya pamoja, na mwenye gari akawa na pa kukaa alipoliacha.

12/ Hapa kwetu ingekuwaje? Msiniletee treni za kwenye mabango. Tuanze na njia moja. Kaunti iingie mkataba na Sacco ya matatu, ilipe kwa safari badala ya kichwa: gari la kwanza alfajiri na la mwisho usiku, lijae lisijae. Hapo kiti kitupu kimepata mwenyewe. Steji iwe na paa na taa. Kando ya A1 kuwe na njia ya miguu ambayo trela haiwezi kuipanda. Na ambulensi ipokee simu saa nane za usiku.

13/ Najua kijana wa boda ananitazama vibaya. Mnataka kutunyang'anya kazi? Hapana. Basi halitaingia mpaka kwenye boma lako. Litapita barabara kubwa kwa saa inayojulikana, na mtu atahitaji boda kufika pale na kurudi. Kitakachopungua ni zile safari ndefu za A1, za kukimbizana na malori ukiwa umebeba abiria wawili. Hizo hata mama yako hazipendi.

14/ Gharama ipo, nisiwadanganye. Kulipia kiti kitupu ni pesa ya umma, na itatoka kwenye kitu kingine. Labda kilomita fulani za lami zingoje mwaka. Anayekuahidi lami yote, mabasi yote na kodi ya chini kwa pamoja, muulize polepole: mheshimiwa, umepunguza wapi?

15/ Na muulize mtu anayehusika. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, inaipa kaunti barabara za kaunti, taa za barabarani, maegesho, usafiri wa umma wa barabarani na ambulensi. A1 ni barabara kuu ya kitaifa, iko chini ya KeNHA. Kwa hivyo gavana akikuahidi njia ya miguu kwenye A1, ajue lazima akubaliane na KeNHA. Na mgombea ubunge akikuahidi mabasi, muulize bajeti hiyo ataitoa wapi.

16/ Mimi jibu langu ni hili. Mtu haachi gari kwa kukemewa. Anaacha pale safari ile ile inapowezekana bila gari: kwa saa, usiku, na mzigo, bila aibu. Na ona jambo moja: kila kitu kitakachomfanya mwalimu wa Ranen asikope kununua gari ndicho hicho kitakachomfikisha hospitali yule mama wa Dede ambaye hatawahi kuwa na gari. Hakuna kambi mbili hapa. Wanaotugawa wanatafuta makofi.

17/ Mdahalo ujao, nendeni na maswali matatu. Moja: kabla hujanitoza, umeniwekea nini? Mbili: kiti kitupu cha alfajiri atalipa nani? Tatu: mpango wako unaanza na nani, mwenye gari au anayetembea? Akianza na anayetembea, kaeni mumsikilize. Akianza na mwenye gari, awe anamtetea au anamkamua, jua hesabu yake imeiruka Awendo yote inayopita pale Sare kwa miguu.

Ukiwa na njia unayoijua vizuri, iwe ni Mariwa, Rongo au Homa Bay, tuandikie hapa chini: gari la kwanza huondoka saa ngapi, na la mwisho ni saa ngapi? Tuanze kuziweka pamoja.