Juu ya Kushika Bakuli katika Keezo



Mzee mmoja alituuliza katika mkutano uliopita kwa nini tusiliuze keezo letu, yaani mashine ya kukerezea mbao, kabla halijamtoa damu kijana mwingine. Swali hilo ni la haki, nasi wa Halmashauri tuliagizwa kulijibu. Kwa kuwa sisi ni watu wa kalamu, tulikwenda karakanani tukakaa na fundi siku tatu.

Wengi wetu twaijua kazi ya wakereza wa Lamu, waliokereza miguu ya vitanda. Mguu wa kitanda hushikwa ncha zote mbili, wala hauna pa kukimbilia. Bakuli silo hivyo. Sharti lichimbwe tumbo, na upande huo uwe wazi. Basi lashikwa kitako tu. Kitako kikiachia, ubao huruka kama jiwe la kombeo.

Kipande kilichomjeruhi kijana wetu juu ya jicho kilikuwa kimekatwa katika gogo kwa kukingama, kama mtu akatavyo muhogo. Skurubu zikaingia penye vichwa vya nyuzi za mti, nazo hapo hazishiki imara, kwa kuwa hupenya baina ya nyuzi kama sindano katika ufagio. Gogo hupasuliwa kwa urefu kwanza, ndipo duara likatwe katika ubao wake, ili skurubu ziingie ubavuni mwa nyuzi. Tena skurubu zenyewe zilikuwa fupi. Hapa hatuna budi kukiri: fundi aliomba ndefu, sisi tukamwandikia kwamba zilizopo zitumike kwanza. Barua hiyo imo katika jalada.

Hata hivyo skurubu ndefu nazo hutoboa kitako, na mnunuzi wa bakuli dogo la inchi 6 hulipindua kabla ya kuuliza bei. Dawa yake fundi alituonyesha. Kipande cha ubao usio na thamani hupigwa randa kikawa sawasawa, na kitako cha bakuli vivyo hivyo. Kati yao hutiwa gundi, karatasi, na gundi tena, vikabanwa usiku kucha. Skurubu huingia katika kile kipande tu. Kazi ikiisha, makali ya patasi huwekwa penye karatasi, hugongwa kidogo, nayo karatasi hupasuka katikati ya unene wake. Bakuli latoka zima, na msasa huondoa mabaki. Yataka ubao mkavu, maana gundi haishiki mbichi. Na yataka mkono usio na pupa, maana karatasi hiyo yaweza kuachia chombo kikinasa. Kwa hiyo wakati wa kukereza nje, ncha ya pili ya keezo husogezwa iuegemeze ubao, wala haiondolewi mpaka zamu ya kuchimba tumbo. Kabla ya kuwasha, ubao huzungushwa kwa mkono, na fundi husimama kando ya njia yake.

Vipande hivyo visivyo na thamani ndivyo tulivyovigawa mwaka jana kuwa kuni, tukajisifu katika taarifa yetu kwa usafi wa karakana.

Twaomba basi keezo lisiuzwe, vipande visichukuliwe, na skurubu ndefu pamoja na miwani ya kukinga macho zinunuliwe kabla ya viti vipya vya ofisi. Kijana amekwisha kurudi kazini. Bakuli lililo mbele ya Mwenyekiti ni lake. Wazee na walipindue waone kitako.