Barawa Haikuwa na Jeshi

Vijana wenzangu wa Turbo,

Tukitaja vita vya Somalia, wengi mnafikiria Mogadishu. Leo nataka tuongee kuhusu Barawa, mji wa bandari ulioko kusini ya Mogadishu. Watu wake ni wavuvi, wafanyabiashara, wafumaji na mafundi wa viatu vya ngozi. Lugha yao, Chimiini, ni ndugu ya Kiswahili.

Januari 1991 serikali ya Siad Barre ilianguka. Makundi yenye silaha yakaanza kupigania pwani, hili likitoka lile linaingia. Wabarawa hawakuwa na jeshi lao wala ukoo mkubwa wa kuwalinda. Kila aliyepita na bunduki aliwapora, chakula na dhahabu. Wanawake walidhulumiwa ndani ya nyumba zao. Mwaka 1992 ikaja njaa.

Sasa jiulize, waliponea wapi? Baharini. Walipanda mashua zilizojaa kupita kiasi wakaelekea Mombasa. Kuna ambao hawakufika. Waliofika, wengine walipokelewa na jamaa, wengine wakaingia kambini. Kambi za Mombasa zilipofungwa, wengi wakapelekwa Kakuma, na baadaye wako waliohamia Marekani.

Bandari ndiyo iliwavuta wenye bunduki, maana ndiyo mlango wa mali. Mlango huohuo wakautorokea wenyeji. Lakini utatoroka uende wapi kama ng'ambo hakuna wa kukupokea?

Na sisi je? Turbo iko kwenye barabara ya kutoka bandari ya Mombasa kwenda Malaba. Mwanzo wa 2008 barabara ilifungwa, malori yakakwama, na majirani wetu wakakimbia nyumba zao. Hao hawakuhitaji mashua. Walihitaji geti moja tu lifunguliwe.

Kwa hivyo nawaomba mambo matatu kabla ya uchaguzi mwingine. Mjue jirani yako wa kabila lingine, na uwe na namba yake. Ujumbe wa chuki ukiingia kwenye simu yako, uishie hapo. Halafu kaa na wazazi wako wiki hii mkubaliane: mtu akija anakimbia, tunamfungulia. Hayo mambo hayajadiliwi usiku wa manane mtu akiwa anagonga.

Wabillahi tawfiq.