"Gemu Inambeba": Namna ya Kupokea, Kupima na Kujibu Malalamiko ya Wachezaji Kuhusu Uwiano
Mada kwa semina ya watengenezaji gemu vijana, Dodoma



Kila mmoja wetu ameisikia kauli hii: "Gemu inambeba huyo." Inasemwa kwenye vibanda vya gemu vya Majengo, Chang'ombe na Nkuhungu, inasemwa kwenye mabweni ya Chuo Kikuu cha Dodoma, na mara nyingi anayeisema ndiyo kwanza amefungwa bao la dakika ya 90. Watengenezaji wengi huiona kuwa ni hasira ya aliyeshindwa na kuiacha ipite. Mimi nasema kauli hiyo ni taarifa ya kazi. Ina utaratibu wake wa kupokelewa, kupimwa na kujibiwa. Na kwa sisi wa huku, ambako mchezaji anahesabu bando lake kabla ya kupakua chochote, utaratibu huo unaanza siku tunapopanga gemu yenyewe, kabla mlalamikaji wa kwanza hajafungua mdomo.

1. Uwiano tunaouzungumzia

Uwiano ni kila mchezaji kuwa na nafasi ya haki ya kushinda. Tuanze na bao la Kiswahili. Kila mchezaji ana mashimo 16 na kete 32. Wakati wa kuanza kete 10 ziko ubaoni na 22 ziko mkononi. Silaha ni zilezile pande zote mbili, kwa hiyo kinachobaki cha kulalamikia ni nani anaanza. Hata hilo si dogo. Katika mchezo wa Go, Japani ilikuwa ikimfidia anayecheza wa pili kwa pointi 5.5. Matokeo yalipoonyesha kwamba anayeanza bado anashinda zaidi, mwaka 2002 fidia ikapandishwa hadi 6.5. Mabadiliko hayo hayakugusa hata sheria moja ya namna ya kucheza.

Gemu za kisasa zina kazi ngumu zaidi, kwa sababu zinawapa wachezaji silaha tofauti kwa makusudi. Street Fighter II ya Capcom ilitoka mwaka 1991 ikiwa na wapiganaji 8 wa kuchagua, kila mmoja na mapigo yake. Wachezaji hawakuchelewa kugundua kwamba baadhi ya wapiganaji, hasa Guile, wanawazidi wenzao. Mwaka 1992 likatoka toleo lenye wapiganaji 12, nguvu zikiwa zimerekebishwa, na wachezaji wawili wakaruhusiwa kuchagua mpiganaji yuleyule. Ruhusa hiyo ya mwisho ni jibu la busara: anayelalamika kwamba mpiganaji fulani amezidi, naye amchukue.

2. Malalamiko ya aina tatu

Maneno ya walalamikaji hufanana, lakini chini yake kuna mambo matatu, na kila moja lina jibu lake.

*Nguvu imezidi kweli.* Hapa takwimu zinamuunga mkono mchezaji, lakini takwimu nazo zina masharti. Tuseme mhusika mmoja ameshinda mechi 55 kati ya 100. Hiyo bado inaweza kuwa bahati tu. Kwa mechi chache kiasi hicho, matokeo hupanda na kushuka kwa asilimia 10 bila sababu yoyote. Akishinda mechi 5,500 kati ya 10,000, bahati haitoshi tena kuwa maelezo. Gemu changa yenye wachezaji mia mbili isikimbilie kubadilisha namba kwa matokeo ya wiki moja.

*Nguvu inaonekana imezidi kwa sababu mchezaji hajaijua dawa yake.* Tuseme tena kwamba mhusika anashinda asilimia 50 kwa ujumla. Ukitenganisha wachezaji, unakuta kwa wageni anashinda asilimia 58 na kwa wazoefu 42. Wastani umeficha malalamiko mawili yanayopingana, na yote ni ya kweli. Kampuni ya Riot, yenye League of Legends, ilikutana na jambo hili kwa wahusika kama Azir na Ryze: mikononi mwa wachezaji wa kawaida walishindwa zaidi ya kushinda, huku wachezaji wa kulipwa wakiwagombania. Mwaka 2019 Riot ilitangaza hadharani kigezo chake. Wachezaji waligawanywa makundi manne, kuanzia wa kawaida hadi wa kulipwa, na mhusika aliyevuka mpaka katika kundi lolote kati ya hayo alipunguzwa makali. Tangu hapo mlalamikaji akawa na kipimo cha kurejea, na kampuni ikawa na kipimo cha kuulizwa.

*Mchezaji haiamini gemu yenyewe.* Hili ndilo "gemu inambeba" hasa. Kwa miaka mingi wachezaji wa FIFA, gemu ya soka ya kampuni ya EA, wameamini kwamba programu humpunguzia nguvu anayeongoza ili anayefuata afikie. Novemba 2020 kundi la wachezaji lilifungua kesi dhidi ya EA huko California likidai hivyo. EA ilikana, ikawapa walalamikaji maelezo ya kiufundi na nafasi ya kuzungumza na wahandisi wake, na mwaka 2021 kesi ikaondolewa na wenyewe walioifungua. Angalieni kilichoimaliza: kuonyeshwa namna mtambo unavyofanya kazi. Malalamiko ya aina hii huwezi kuyatibu kwa kubadilisha namba, kwa sababu kila namba mpya nayo itashukiwa.

3. Majibu mawili ya kujifunzia

StarCraft ya Blizzard ilitoka mwaka 1998 ikiwa na majeshi ya aina tatu yasiyofanana hata kidogo. Marekebisho makubwa ya mwisho ya nguvu za majeshi hayo yalifanyika mwaka 2001. Baada ya hapo kazi ya kusawazisha iliwaangukia waandaaji wa ligi za Korea Kusini, nao waliifanya kwa ramani. Jeshi moja likizidi, waliongeza umbali kati ya kambi, wakabana njia, wakahamisha milima na migodi. Waliosawazisha ndio waliokuwa wakiyaona mashindano kila siku, na gemu ikaishi.

Mfano wa pili ni Helldivers 2 ya Arrowhead, kampuni ya Uswidi. Ilitoka Februari 2024. Wachezaji wake hupigana pamoja dhidi ya kompyuta, lakini watengenezaji walikuwa wakipunguza makali ya silaha zilizopendwa kana kwamba wachezaji wanashindana wao kwa wao. Agosti mwaka huo bunduki ya kurusha moto ilipoguswa, manung'uniko yalifurika. Arrowhead ilikiri kwamba imekwenda kinyume na matarajio, ikaweka mpango wa siku 60, na Septemba ikatoa toleo lililoongeza nguvu silaha nyingi. Mahali ambapo silaha kali ya mwenzako haikuumizi wewe, nyanyua zilizo dhaifu kabla ya kushusha iliyo kali.

4. Mwenye kibanda kama msawazishaji

Sasa turudi hapa Dodoma. Kwa miaka mingi gemu ya vibanda vyetu ilikuwa gemu ya soka ya PES kwenye PlayStation 2. Diski ikishachapwa imeshachapwa. Hakuna toleo jipya litakaloshuka kutoka Japani kumpunguzia mshambuliaji Adriano nguvu za shuti. Aliyejibu malalamiko alikuwa mwenye kibanda, na zana zake zilikuwa kanuni: wote wawili mchukue timu moja; timu fulani hairuhusiwi hapa; bingwa wa mtaa achukue timu dhaifu anapocheza na mgeni. Ni kazi ileile ya watengeneza ramani wa Korea, ikifanyika kwenye benchi la mbao na padi mbili zilizofungwa utepe.

Ukikaa pembeni ya benchi hilo utaona jambo jingine. Kijana amelipa jero yake, amesubiri zamu, amefungwa, ameachia padi. Kanuni ni mshindi anabaki. Vibanda vingine anayefungwa ndiye anayelipa. Kijana anaondoka akisema timu ya mwenzake imezidi. Chukua timu hiyo, ipunguze nguvu, bingwa ataendelea kubaki na mgeni ataendelea kuachia padi. Kinachomuuma kijana ni foleni: amelipa sawa na wengine, amecheza kidogo kuliko wote. Mwenye kibanda mwerevu anaweka kikomo: ukishinda tatu mfululizo, unapisha. Malalamiko kuhusu timu yanapungua bila timu yoyote kuguswa.

Kwa hiyo tunapopokea lalamiko, tuulize mchezaji alikuwa wapi, alicheza na nani, alikuwa amelipa nini na kupoteza nini. Kile alichokitaja huenda ndicho kilichokuwa karibu na macho yake tu.

5. Mapendekezo

Napendekeza mambo manne kwa kila atakayetengeneza gemu ya ushindani hapa nchini.

Kwanza, namba za uwiano (nguvu, kasi, gharama, muda wa kusubiri) zikae kwenye faili lake, mbali na picha na sauti. Faili la namba lina uzito wa kilobaiti chache. Ukilichanganya na vingine, unamlazimisha mchezaji wa Kongwa au Manyoni kupakua mamia ya megabaiti ili upunguze upanga mmoja, naye hatapakua. Atabaki na upanga mkali huku wenzake wa mjini wana butu. Faili hilo liweze kurushwa simu kwa simu kama watu wanavyorushiana nyimbo, na litiwe saini ya kidijitali ili lisichezewe njiani.

Pili, gemu iruhusu kanuni za nyumbani. Mwenye kibanda, au marafiki wanaocheza pamoja, wawe na uwezo wa kufungia mhusika, kumpa mgeni nafuu na kuweka kikomo cha ushindi mfululizo. Wanayajua mazingira yao kuliko sisi.

Tatu, kila badiliko liandikwe kwa Kiswahili kinachoeleweka, kwa mambo matatu: tumebadilisha nini, tumeona nini kilichotufanya tubadilishe, na tutaangalia nini ili kujua kama tumekosea. "Tumeboresha uwiano" si maelezo. "Mkuki umepungua kutoka 40 hadi 36, kwa sababu wageni walikuwa wanakufa kabla ya kujibu pigo la kwanza, tutatazama tena baada ya wiki nne" ni maelezo. Na tukiamua kutobadilisha, hilo nalo liandikwe na sababu yake.

Nne, tukusanye malalamiko mahali wachezaji walipo. Anayeandika ujumbe ana simu nzuri, bando na muda. Asiyeandika ni yule wa kwenye benchi. Kila timu ya watengenezaji itenge siku za kukaa vibandani, na itazame mchezaji anaacha padi saa ngapi na kwa uso gani.

6. Maswali ya mjadala

Naomba kikao kijadili maswali matatu. Je, gemu ndogo yenye wachezaji wachache itumie kipimo gani wakati mechi hazitoshi kwa takwimu? Je, pale gemu inapouza silaha kwa fedha, tuna haki ya kupunguza makali ya kitu ambacho mtu ameshakilipia, na tumfidie vipi? Na je, wanafunzi wa kompyuta hapa chuoni wanaweza kuanza kuandika na kutunza kanuni za vibanda vya Dodoma, kibanda kwa kibanda, kabla hazijasahaulika? Hili la tatu niko tayari kulianza na yeyote atakayejitokeza leo. Kanuni hizo ni kazi ya usanifu iliyofanywa na watu ambao hatujawahi kuwaita wasanifu, na tunazihitaji kwa gemu tutakazotengeneza sisi.