Kukariri siyo kusoma

Masomo: Isaya 29:11-12, 2 Timotheo 3:14-15



Katika Isaya 29 kuna kitabu kilichotiwa muhuri. Wanampa mtu anayejua kusoma, naye anasema hawezi kwa sababu kimefungwa. Wanampa mwingine, huyu anajibu kwamba hajui kusoma. Tumezoea kuhubiri juu ya yule wa kwanza, maana habari ya muhuri sisi watu wa Roho tunaipenda. Leo nataka tubaki na yule wa pili. Huyu hakufika hata kwenye muhuri. Alikwama kabla, mahali ambapo angehitaji tu mtu wa kukaa naye chini na kumwonyesha herufi.

Nasema na wazazi wenye watoto wa miaka minne mpaka tisa. Watoto wetu wa shule ya Jumapili wanajua maandiko mengi kwa kichwa, na tunamshukuru Mungu. Lakini angalieni. Katika ziara ya nyumba kwa nyumba hapa Bukavu, mtoto wa darasa la tatu aliletwa mbele yangu asome Zaburi ya 23. Akaisoma yote bila kukwama, na mama yake akapiga vigelegele. Kidole cha mtoto, lakini, kilikuwa kinatembea chini ya Zaburi ya 24. Nikamwomba anionyeshe neno "mchungaji" liko wapi. Hakuweza. Mtoto huyo ana akili sana, ameweka zaburi nzima kichwani! Ila kusoma hajui, na nyumba yote iliamini kwamba anajua.

Pima kwako usiku huu. Tafuta mstari ambao mtoto hajausikia, funika maneno mengine kwa karatasi, umwachie neno moja. Au mwambie aanze katikati ya mstari. Anayekariri atataka kurudi mwanzo ndipo apate njia. Kisha mwandikie jambo la kuchekesha: "paka anapika sombe." Anayesoma atacheka. Anayekariri atakuangalia usoni, akitafuta jibu kwako.

Najua kuna baba anayesema: hiyo ni kazi ya mwalimu, ndiyo maana nilimpeleka masomo. Ndugu yangu, Katiba yetu, kifungu cha 43, inasema shule ya msingi ya serikali ni ya lazima na ni bure, na tangu Septemba 2019 tulianza kuona jambo hilo likitendeka. Ni baraka, watoto wengi waliokuwa wanakaa nyumbani waliingia. Lakini madarasa yalijaa. Mwalimu anaandika ubaoni, darasa lote linaitika pamoja kwa sauti, na katika sauti hiyo mtoto wako anaweza kujificha mwaka mzima akifungua mdomo tu. Na vita ikifunga masomo, hata hiyo sauti hayupo wa kuifuata. Mwalimu simlaumu. Hawezi kusikiliza kinywa kimoja kimoja. Wewe unaweza.

Timotheo alifundishwa wapi? Matendo 16 inatuambia baba yake alikuwa Myunani na mama yake Myahudi aliyeamini. Paulo anapomwandikia anawataja wanawake wawili, bibi yake Loisi na mama yake Eunike, halafu anamkumbusha kwamba Maandiko ameyajua tangu utoto. Hataji mwalimu mwingine wa utoto wake. Naona nyumba ndogo, bibi, mama na mtoto.

Sasa tunaanzaje? Mtoto wa miaka minne usimkimbize. Mwimbishe, mwambie hadithi, mpigishe makofi akikata maneno: ma-ka-la, ma-ko-fi makofi matatu, sa-mba-za matatu pia. Mtoto asiyesikia vipande vya neno kwa sikio hataviona kwa jicho. Makofi hayo ni kusoma kumeanza.

Akiwa tayari, shika irabu tano: a, e, i, o, u. Kipande cha kaa na sakafu vinatosha, au chaki na mlango. Kisha chukua sauti moja, m: ma, me, mi, mo, mu. Siku nyingine k, halafu t. Kwa sauti tatu hizo mtoto tayari anasoma mama, moto, kuku, kiti, mkate. Muhimu sana: mfundishe sauti, siyo jina la herufi kama wanavyoliita kwa Kifaransa. Ukimwambia "bé" na "a", ataunganisha apate "bea", na ana haki. Mwambie "b" kwa midomo tu, kisha "ba".

Hapo nawaomba msichanganye. Kiswahili kinaandikwa karibu kama kinavyosemwa. Kifaransa hapana. "U" ya Kiswahili siyo "u" ya Kifaransa, na "ch" inasomeka kwa namna mbili. Nina wazazi wanaoniambia, Pasta, Kiswahili anakijua, mimi nataka asome Kifaransa haraka. Anakijua, ndiyo sababu tunaanzia hapo: akisoma "maji" anasikia neno analolijua, anajua kwamba amefika. Akisoma kwa lugha asiyoijua, anatoa sauti tu, hajui kama amefika au amepotea. Kama nyumbani mnasema mashi au kirega, tumieni maneno ya hapo pia. Njia ikifunguka kwa lugha moja, Kifaransa kitapita humo.

Jambo moja linalosumbua watoto wa Kongo. Sisi kwa mdomo tunasema mutoto, mutu, muti. Kitabu kinaandika mtoto, mtu, mti. Tunasema zambi, Biblia inaandika dhambi. Mtoto anafika kwenye "mtu", anasimama, kwa sababu mdomo wake unaitafuta "u" na macho hayaioni. Wazazi wengi hapo wanapiga kelele. Mwambie tu: kitabu kinaliandika kwa ufupi, wewe lisome kama unavyolisema. Litaisha lenyewe.

Na fimbo, je? Mtaniletea Mithali 22. Mithali inasema juu ya upumbavu uliofungwa moyoni mwa mtoto, haisemi juu ya mtoto aliyechanganya b na d. Herufi hizo mbili ni sura moja iliyogeuzwa, na karibu kila mtoto anazichanganya mwanzoni. Ukimpiga kwa ajili yake, kesho akiona kitabu atasikia mgongo unauma. Dakika kumi kila siku zinatosha, baada ya chakula na kabla ya maombi ya nyumba. Akichoka, funga kitabu, hata kama ni dakika ya sita.

Sasa nisikilizeni vizuri. Kuna wazazi wanaoleta mtoto kwenye maombezi na kusema: huyu amefungwa, ndugu zake wote wanasoma yeye hapana, kuna kitu ndani yake. Na mara nyingine jina "mchawi" tayari limetajwa nyumbani, na kama ni mtoto wa marehemu dada au mtoto wa mke wa kwanza, linatajwa upesi zaidi. Tutamwombea, mimi naamini maombi. Lakini mtoto asiyesoma siyo mchawi! Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inamwadhibu anayemshitaki mtoto uchawi, na mchungaji hajaondolewa humo. Kabla ya kufunga na kuomba siku tatu, na huyo mtoto hamumpi chakula, fanyeni hivi: msimamishe mbali kidogo na maandishi makubwa, uone kama anakunja macho. Simama nyuma yake umwite kwa sauti ndogo. Wengi hawaoni ubao, wengine sikio limeuma tangu utoto na halikutibiwa. Mpeleke kituo cha afya. Na uliza pia anakula nini asubuhi. Mtoto aliyevukwa na vita na kulala porini anaweza kukaa miezi kadhaa kabla kichwa chake hakijakubali herufi. Huyo anahitaji mapaja ya kukalia.

Mama unayesema, mimi mwenyewe sikusoma, nimfundishe nini? Weka mtoto mkubwa amfundishe mdogo, nawe ukae hapo kila jioni bila kukosa. Akimaliza mstari, muulize lile swali ambalo Filipo alimwuliza yule mtu wa Kushi kwenye gari: unaelewa unachosoma? Swali hilo halihitaji cheti. Na kama macho yako yakianza kushika ma na mu pamoja na mtoto, usione haya. Katika Waamuzi 8, Gideoni alimkamata kijana wa Sukothi, mtu asiye na jina katika habari hiyo, akamwandikia orodha ya wakuu na wazee sabini na saba. Sijui nani alimfundisha. Lakini kuna mtu alimfundisha.

Tangazo kwa wazazi: Jumapili ya mwisho ya mwezi, watoto wa darasa la kwanza mpaka la tatu watasoma mbele ya kanisa. Wajiandae na Zaburi ya 117, ina mistari miwili tu. Msiwafundishe kwa kichwa, maana nitawaomba waanze na mstari wa pili.